Gobori la Mwindaji: Bei Yake na Hatari Zake katika Historia ya Buganda

Katika darasa letu la jioni hapa Kansanga, kando ya barabara iendayo Ggaba, tulifika siku moja kwenye zoezi la tafsiri lililotusimamisha sote. Sentensi yenyewe ilitoka katika kitabu cha Kiingereza: mwindaji mwenye fedha chache anamwuliza muuzaji ni bunduki ipi itakayomfaa kumwindia kulungu, iliyo rahisi na isiyomdhuru yeye mwenyewe, ile ishindiliwayo kwa mdomoni, au ile ya marisau. Wanafunzi wetu ni watu wazima. Mmoja wao, mama wa makamo, aliweka kalamu chini akasema, "Mwalimu, sisi nyumbani tuliambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya bunduki. Leo naona ni kweli." Darasa likacheka, nasi tukacheka, lakini usiku ule hatukulala upesi.

Msomaji aijuaye Uganda ataelewa kwa nini. Wazee wengi wa hapa walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kinywani mwa askari, na mara nyingi askari huyo hakuwa akisalimu. Idi Amin alipokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, tangazo hilo liliiongezea lugha yetu mzigo badala ya kuipunguzia. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe shuleni kwa lazima. Hata hivyo mzigo ule haujashuka. Tuliona basi ni heri tusilikwepe neno la yule mama. Kama bunduki na Kiswahili viliingia Buganda kwa njia moja, yatupasa tuifuate njia hiyo, tukiwa na swali la yule mwindaji mkononi: ipi rahisi, na ipi salama?

Kwanza tumalize habari ya kulungu. Mnyama akusudiwaye na kitabu kile, mwenye pembe za matawi zinazoanguka na kuota upya kila mwaka, hayupo katika nchi zetu. Barani Afrika asili yake ni kaskazini tu, upande wa Aljeria na Tunisia. Sisi tuna paa, swala, kuro, pongo na wenzao, ambao pembe zao haziachani na kichwa. Katika Buganda mnyama wa kufikiriwa hapa ni pongo, aitwaye engabi kwa Kiganda, ambaye ni mwiko wa ukoo mzima uitwao kwa jina lake. Huyu hukaa peke yake katika vichaka vizito karibu na maji, hutoka jioni na alfajiri, na dume lake akijeruhiwa humgeukia amfuataye. Tukumbuke tabia hizo, maana bunduki huchaguliwa kwa kumtazama mnyama na pori lake kabla ya kuutazama mfuko.

Sasa tuje kwenye maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Bunduki ni neno la Kiarabu lililoanza kwa kuitaja kokwa fulani ndogo ya mviringo. Kutoka kwenye kokwa likahamia kwenye kidonge kirushwacho, na kutoka kwenye kidonge likahamia kwenye chombo chenyewe. Watu wa Pwani walipolipokea hawakuridhika na jina moja. Walizipambanua bunduki kwa namna ya kuwasha moto wake: bunduki ya mrao, iwashwayo kwa utambi; bunduki ya gumegume, itoayo cheche kwa jiwe; bunduki ya fataki, yenye kikofia kidogo cha shaba kilipukacho kigongwapo; na bunduki ya viasi, ifunguliwayo nyuma na kutiwa risasi iliyokwisha kufungwa pamoja na baruti yake. Zile za kushindiliwa kwa mdomoni zikaitwa kwa jumla magobori. Historia ya karne kadhaa imekaa katika majina hayo manne. (Leo gumegume ni mtu asiye na faida, na fataki huko Tanzania ni mwanamume mzima avizaye wasichana wa shule. Silaha imekufa, matusi yamebaki.)

Tutue kidogo kwenye neno kiasi. Mwenye gobori alibeba baruti katika pembe au kibuyu, akaimimina kwa kukadiria, akatia kitambaa au nyuzi za gome, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki. Mkono wake ndio uliokuwa mizani. Akipunguza, risasi ilianguka njiani. Akizidisha, mtutu ulipasuka usoni pake. Bunduki mpya ilipokuja, baruti yake ilikuwa imepimwa kiwandani, kila risasi sawa na mwenziwe. Basi watu wakaiita kila moja kiasi. Hawakuisifu kwa ukali wake wala kwa mlio wake. Waliona kwamba jambo kubwa lililoongezeka ni kipimo, na aliyewahi kumwona mtu aliyepoteza vidole kwa gobori hangeliona jingine.

Wafanyabiashara wa Pwani, Waarabu na Waswahili, walifika katika ikulu ya Buganda wakati wa Kabaka Suna wa Pili. Ahmad bin Ibrahim hutajwa kuwa alifika mwaka 1844. Walileta nguo, shanga na bunduki chache, wakataka pembe za ndovu na watumwa. Mutesa wa Kwanza alipotawala, tangu 1856 hadi 1884, bunduki iligeuka kutoka kitu cha ajabu ikawa kitu cha lazima. Mwingereza John Hanning Speke alipofika Februari 1862, alileta miongoni mwa zawadi zake bunduki moja ya Whitworth, bastola, na bunduki tatu fupi, pamoja na kasha la fataki. Mazungumzo yao yalipita katika lugha tatu: Speke alisema Kihindustani na Bombay, Bombay akasema Kiswahili na Nasib, na Nasib akamfikishia Kabaka kwa Kiganda. Kila neno la baruti na risasi lililosemwa ikulu siku zile lilipitia katika lugha yetu.

Kabaka alimtaka mgeni awapige kwa bastola ng'ombe wanne waliokuwa wakizunguka uani, naye akawapiga. Kisha Mutesa akaishindilia moja ya zile bunduki fupi kwa mkono wake mwenyewe, akampa mtumishi kijana ikiwa tayari kufyatuka, akamwambia aende ua wa nje akampige mtu. Kijana alirudi akifurahi kama mtoto aliyepata ndege. Speke ameyaandika hayo kwa mshangao, nasi hatuna haja ya kuyapamba. Tunataka tu msomaji aone kwamba bunduki ilijaribiwa kwa binadamu kabla haijajulikana vema kwa wanyama, na ya kwamba hakuna aliyekuwa ameuliza habari ya usalama.

Mgeni mwenyewe alikuja kulipa deni la swali hilo. Tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya kukabiliana na Richard Burton mbele ya wanachuoni mjini Bath kuhusu chimbuko la Nile, Speke alikuwa akiwinda kwale katika shamba la jamaa yake huko Uingereza. Alipokuwa akiuvuka ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake ya mitutu miwili ilifyatuka ikampiga ubavuni, akafa muda mfupi baadaye. Wako wanaodhani alijiua, ingawa uchunguzi wa siku ile uliona ni ajali. Bunduki hiyo haikuwa gobori la bei ya chini. Ilikuwa kazi ya fundi mashuhuri wa London, ya kutiwa viasi nyuma, lakini haikuwa na kizuizi cha kuishika isifyatuke. Mtu aliyetembea na silaha kutoka Pwani hadi Nile na kurudi, akasalimika, aliuawa na ukuta wa mawe na kidude kilichokosekana. Tunawaambia wanafunzi wetu kisa hicho kila wanapodhani kwamba ghali na salama ni neno moja.

Turudi kwenye bei. Magobori yaliyopanda kutoka Unguja na Bagamoyo kuja bara yalikuwa ya namna mbili. Mengine yalitengenezwa makusudi kwa biashara ya Afrika, hasa Birmingham na Liège. Mengine yalikuwa mabaki ya majeshi: mataifa ya Ulaya yalipobadili silaha katika miaka ya 1860 na 1870, na kuchukua bunduki za viasi, yale ya zamani yaliuzwa kwa wingi na kwa bei ya kutupa, nayo yakatafuta njia ya kuja kwetu. Huko Birmingham palikuwapo tangu mwaka 1813 nyumba ya kuzijaribia mitutu kwa sheria, ambapo kila mtutu ulipigwa kwa baruti nyingi kuliko ya kawaida na, ukihimili, ukatiwa alama. Lakini alama haikufuatana na mtutu katika kutu, katika mvua, na katika mikono ya wenyeji kumi. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza katika Unguja, Charles Euan-Smith, alikisia kwamba bunduki zilizopita bandarini kwa mwaka zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000.

Je, zilikuwa rahisi? Alexander Mackay, fundi na mmisionari aliyefika Buganda mwaka 1878, aliandika bei walizotaka wafanyabiashara mbele ya Mutesa: bunduki moja kwa watumwa wawili wanaume, na fataki mia moja kwa mtumwa mmoja mwanamke. Tumeisoma bei hiyo mara nyingi, na kila mara tunasimama kwenye zile fataki. Mia moja hujaa kiganjani. Mwindaji mwenye gobori la fataki hawezi kufanya kitu bila vikofia hivyo, na havitengenezwi kijijini. Kwa hiyo aliyenunua bunduki alikuwa amejifunga kununua tena na tena. Wazee wa Pwani husema rahisi huvunja upishi. Hapa kilichovunjika kilikuwa nyumba za watu waliokwenda kutekwa upande wa Busoga na Bunyoro ili baruti ipatikane. Na wenzetu wasomao haya wakumbuke kwamba biashara hiyo nayo ilisemwa kwa Kiswahili. Hatutakuwa waaminifu tukiyahesabu maneno matamu peke yake.

Tukimwacha Kabaka na majeshi yake, mwindaji wa kawaida alilichaguaje gobori lake? Wajuzi wa kazi hiyo walianza na kasiba, yaani mtutu. Uling'olewa au ukainamishwa kuelekea mwangani, ukatazamwa ndani kama una mashimo ya kutu. Ukapitishwa kidole nje kutafuta uvimbe, kwani uvimbe ni alama ya mahali ulipokaribia kupasuka. Kisha kifa, kitundu kipitishacho moto kuifikia baruti: kikipanuka kwa kuliwa, moto hurudi nyuma kwenye jicho la mpigaji. Kisha mtambo: ukivutwa nusu yapasa ushike, usiponyoke kwa kutikiswa. Mwisho tako, kama mti wake haukupasuka mahali pa kushikia. Uhunzi wa Buganda uliwasaidia sana hapo. Lugard, aliyefika 1890, alistaajabu kuona wahunzi wa nchi wakitengeneza tako la bunduki ambalo mtu hangeweza kulitofautisha na la fundi wa London. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima ikulu. Nuwa Walukagga, aliyechomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 pamoja na wenzake kwa ajili ya imani, alikuwa mkuu wa wahunzi wa Kabaka.

Kati ya gumegume na fataki, mwenye busara katika nchi hii ya mvua alitaka fataki. Cheche za jiwe huangukia baruti iliyo wazi, na unyevu wa asubuhi wa kandokando ya Nalubaale hauionei huruma baruti iliyo wazi. Bunduki ikikataa, hatari haijaisha. Huenda moto ungali ukitambaa ndani, na mwenye haraka ya kuchungulia mdomoni hupata jibu lake usoni. Lakini gumegume lilikuwa na fadhila moja: jiwe huokotwa, fataki hununuliwa. Maskini alilijua hilo, naye akakaa na gumegume lake.

Hatari kubwa kuliko zote ilikuwa ya kusahau. Gobori halifunguki nyuma ukaona limo kitu au halimo. Mtu aliyelishindilia jana, asimpige mnyama, akalitundika ukutani, kesho hulishindilia tena juu ya ile ya jana. Mwangalifu alitumbukiza mdeki katika mtutu mtupu, akaukata alama mahali pa mdomo. Tangu hapo, mdeki ukisimama juu ya alama, alijua pana kitu chini. Aidha ilimpasa ahakikishe risasi imekaa juu ya baruti bila nafasi katikati, kwa maana risasi iliyosimama njiani huwa kizibo, na mtutu hupasuka hapo. Na kosa jingine lilikuja baadaye, pamoja na baruti mpya isiyotoa moshi: ukiimimina katika gobori la zamani, nguvu yake huzidi chuma. Gobori liliumbwa kwa baruti nyeusi, na halina habari ya nyingine.

Kwa pongo wa kichakani, risasi moja ya mviringo haikuwa lazima iwe bora. Mnyama huonekana kwa kitambo, karibu, akikatiza. Wengi walipenda marisau makubwa, yanayotawanyika kidogo na kufaa katika umbali usiozidi hatua thelathini au arobaini. Lakini jambo la kutawanyika ndilo la kuogopwa. Uwindaji wa Buganda ulikuwa wa watu wengi: wavu umetegwa, mbwa wenye njuga wameingia kichakani, watu wenye mikuki wamezunguka wakipiga kelele, na Ddungu, mungu wa uwindaji, amekwisha kuombwa. Mkuki hujua aliyerushiwa. Marisau hayajui, huendelea kupita kichaka na kumfikia jirani aliyesimama ng'ambo. Nasi twadhani hiyo ndiyo sababu wavu, mbwa na mikuki viliendelea muda mrefu baada ya bunduki kufika. Hawakushindwa kuijifunza silaha. Mpangilio wao wenyewe haukuiruhusu.

Baruti nayo ilitaka kulazwa mahali pake. Februari 1886 moto ulizuka katika ikulu ya Mengo ukaifikia ghala ya baruti, ikalipuka, ikulu ikateketea. Kabaka Mwanga hatimaye alihamia Munyonyo, kando ya ziwa, kusini mwa hapa tulipo. Mtu atokaye Mengo leo akashika barabara ya Ggaba hupita Kabalagala, kisha Kansanga, kabla ya kuukaribia upande huo wa maji. Munyonyo palikuwa mahali pa kupumzikia na kuwinda viboko. Jioni ya 25 Mei 1886 Mwanga alirudi kutoka ziwani hakupata hata kiboko mmoja, akaikuta ikulu karibu tupu, watumishi vijana wamekwenda kwenye mafundisho yao; na yaliyofuata usiku ule na kesho yake yamo katika historia ya mashahidi wa Uganda.

Miaka minne baadaye, Julai 1890, mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Pamoja na kupinga biashara ya watumwa, mkataba huo ulizuia bunduki za viasi na zenye mistari ndani ya mtutu zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ila magumegume yasiyo na mistari na baruti ya kawaida yakaachiwa mlango. Waliotunga sheria waliogopa vita. Sawa. Lakini waliokuwa na serikali walikaa na bunduki za viasi, na Januari 1892, Lugard alipopigana Mengo kwa kuwasaidia Waprotestanti, bunduki ya Maxim ilisema peke yake juu ya zote. Mwindaji wa kijijini akaachiwa ile iliyokuwa hatari zaidi kwa mwenye kuishika. Hatujaona mahali walipolifikiria hilo.

Mkataba wa Uganda wa 1900 ukaiweka bunduki katika hesabu ya kodi. Nyumba ililipiwa rupia 3 kwa mwaka, na bunduki rupia 3 vilevile. Kabaka alipewa leseni 50 bila malipo, mama yake 10, na kila waziri 20. Kwa mkulima, kukaa na gobori kulikuwa sawa na kukaa na nyumba ya pili, na wengi waliona heri nyumba. Hapo ndipo bunduki rahisi ilipokwisha kuwa rahisi, pasipo mtutu wake kubadilika hata kidogo.

Siku hizi swali la mwindaji wetu lingejibiwa kwanza ofisini kuliko dukani. Sheria ya silaha ya mwaka 1970 yataka cheti kwa kila bunduki. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1979, na uliporudishwa kwa majaribio mwaka 2001, karibu na Ziwa Mburo, ulirudi kwa kibali na malipo. Huko Tanzania neno gobori bado husikika, hasa serikali inapowahimiza watu wazisalimishe silaha wanazozimiliki bila idhini. Hapa Kansanga pongo hayupo. Pana nyumba za kupanga, chuo kikuu, na magari yasiyosogea jioni.

Juma lililofuata tuliirudia sentensi ile darasani, tukaieleza habari hii kwa kifupi zaidi kuliko tulivyoiandika. Yule mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatuambia kwamba amemsimulia baba yake, mzee apitaye miaka themanini, asiyetaka Kiswahili kisemwe nyumbani mwake. Mzee alikasirika, akaanza kueleza jinsi babu yake alivyotundika emmundu juu ya mlango, na jinsi amasasi yake yalivyowekwa mbali na moto. Binti akamnyamazia. Alikuwa akihesabu kwa vidole: bunduki, risasi. Akatuuliza, kwa unyenyekevu mwingi, kama mzee naye angeweza kuandikwa katika orodha ya darasa.